Mkono wa Breda

Mgeni alitaka kufikia hotelini. Alikwisha tafuta hoteli ndogo mtaa wa Al Khuwair na kuilipia kabisa. Bi Mahbuba aliposikia hivyo, aliweka chini kisu alichokuwa akikatia vitunguu.

"Mtu kakusomesha kwao mwaka mzima, kwenye baridi ile, leo anakuja Maskati akalale hotelini? Mie ntamjibu nini Mungu?"

"Mama, Wazungu wanapenda kukaa peke yao," Safwan alisema.

"Basi chumba cha marehemu bibi yako kina mlango na ufunguo. Akitaka kukaa peke yake, atafunga."

Maneno yakaishia hapo, na hoteli ikapigiwa simu.

Safwan alikuwa mhandisi kijana katika kampuni iliyoshughulikia reli ya mizigo inayojengwa kutoka bandari ya Sohar. Miaka mitatu nyuma kampuni hiyo ilimpeleka Slovenia, nchi ndogo iliyo kati ya Austria na bahari ya Adriatiki, akajifunze kazi ya yadi ya mabehewa. Mama yake hakutaka aende. Mumewe, Thabit, alikufa kwa ajali kwenye barabara ya Sohar wakati Safwan na dada yake Noof wangali wanasoma, na tangu siku ile kila safari ya mtoto kwake ilikuwa kama kuagana na maiti. Alimwachia kwa machozi, na kila jioni kwa mwaka mzima alimpigia simu kumuuliza amekula nini.

Safwan aliporudi alimsimulia mengi. Alimwambia kuhusu treni zinazoteremka kutoka Poland na Czechia na Austria, ndefu hata macho hayaoni mkia, zikibeba magari, mbao, karatasi na makontena. Kila behewa lina safari yake. Hili linakwenda Italia, lile Kroatia, lile bandarini likapandishwe melini. Kwa hiyo zikifika yadini, treni huvunjwa. Kichwa cha treni husukuma mabehewa juu ya kilima kidogo, wafanyakazi huyafungua moja moja, nalo behewa huteremka lenyewe kwa uzito wake, likaelekezwa kwenye njia yake kati ya njia thelathini zilizolala sambamba. Huko chini hufungwa pamoja na wenziwe wa safari moja, ikawa treni mpya.

"Na behewa likiteremka peke yake," Safwan alimwambia mama yake, "halina sauti. Tani themanini, Mama, zinakupita kama paka."

"Na nyinyi mnasimama wapi?"

"Mbali," Safwan alijibu.

Alimsimulia pia kuhusu Breda, msimamizi wa wafungaji mabehewa. Alisema ndiye mwalimu wake, na hapo alisema kweli. Ila hakusema yote.

*

Breda alifika Alkhamisi jioni. Alikuwa mwanamke mrefu wa karibu miaka sitini, nywele nyeupe zilizokatwa fupi, viganja vipana kama vya seremala. Alikuja na mkoba mmoja tu na chupa mbili za asali ya kwao alizozifunga ndani ya sweta. Kiingereza chake kilikuwa cha kazini, maneno mafupi, yasiyo na mapambo. Bi Mahbuba, ambaye alikuwa na Kiswahili chake na Kiarabu chake na hakuhitaji zaidi, alimkumbatia pale pale mlangoni. Breda alimkumbatia kwa mkono mmoja, wa kulia. Mkono wa kushoto ulibaki ubavuni.

Bi Mahbuba aliliona hilo, lakini mgeni haulizwi mlangoni.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na baada ya sala sufra ikatandikwa. Palikuwa na wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha na pilipili ya embe. Breda alikaa chini pamoja nao, akakunja miguu kwa taabu akicheka. Alikula vizuri. Lakini kila alipotia tonge mbili tatu, alisita, akamtazama Safwan. Safwan alikuwa akila kwa pupa kama desturi yake, amejiinamia sahani, na yule mgeni akimwangalia hivyo, uso wake umetulia kama mtu anayesikiliza kisomo.

"Huyu bibi mbona anakutazama kila saa?" Bi Mahbuba aliuliza.

"Ananishangaa ninavyokula, Mama."

Kisha Bi Mahbuba akamsogezea mgeni bakuli la mchuzi upande wa kushoto, na Breda akalazimika kujipinda mwili mzima ili alifikie kwa mkono wa kulia. Hapo Bi Mahbuba hakuweza kujizuia.

"Safwan, hebu muulize. Mkono una nini? Nna mafuta ya habasoda, ntamkanda."

Safwan aliuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo. Breda akaweka kijiko chini na kumtazama kwa mshangao kabla ya kujibu. Noof alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka jikoni, na birika la chai mkononi.

"Anasema aliteleza kwenye barafu," Safwan alimwambia mama yake.

Noof akasimama. Yeye alikuwa mfamasia katika kliniki moja ya Ghubra, na Kiingereza ndicho alichozungumza kutwa.

"Hakusema hivyo," alisema.

"Noof."

"Hakusema hivyo, Safwan."

Bi Mahbuba aliwatazama wanawe mmoja baada ya mwingine. "Kasema nini?"

Noof akaweka birika chini. "Kasema, kwa nini unaniuliza? Huu ndio mkono niliokuvutia nje."

Hata Breda, asiyejua neno la Kiswahili, alielewa. Alimgeukia Safwan. "Hajui?"

"Hajui," Safwan alisema.

"Miaka miwili?"

Safwan alifuta vidole kwa kitambaa, polepole, kidole baada ya kidole. Kisha akamwelekea mama yake na kusema mwenyewe, bila mkalimani.

Ilikuwa asubuhi ya theluji. Alikuwa ameteremka peke yake kutazama mpira wa breki uliokuwa ukivuja kwenye behewa lililosimama. Kwa sababu ya baridi alivaa kofia ya sufi chini ya helmeti, masikio yote yamefunikwa. Akaingia kati ya mabehewa mawili, akainama. Njia ile ilikuwa bado wazi, yaani behewa jingine lingeweza kuletwa wakati wowote, na yeye alijua. Alifundishwa siku ya kwanza, na asubuhi ile akasahau. Juu kilimani waliachia behewa la karatasi, marobota makubwa ya kiwandani. Likaja kimya. Breda alikuwa ng'ambo ya njia. Akapiga kelele, na Safwan hakusikia. Akapiga tena. Kisha akaacha kupiga kelele na akakimbia. Aliingia pale kati, akamkamata koti la kazi mgongoni, akamtupa nje na yeye mwenyewe akaruka nyuma yake. Vyuma viligongana. Mwili wa Breda wote ulikwisha toka, umebaki mkono wa kushoto, nao ukapigwa na ngazi ya behewa likiwa linasogea. Bega likavunjika vipande. Walimpasua mara mbili.

"Mie sikuchubuka hata kidole," Safwan alisema.

Bi Mahbuba hakulia. Alikuwa akipiga hesabu fulani kichwani.

"Ilikuwa Februari?"

"Ndiyo, Mama."

"Jioni ile uliyoniambia una mafua?"

"Ndiyo."

"Sauti yako ilikuwa ikitetemeka. Nikakwambia unywe tangawizi."

"Nikanywa, Mama."

Bi Mahbuba akainuka, akaenda zake ndani. Walisikia bomba la maji likifunguliwa, kisha likifungwa, kisha kimya. Breda alimuuliza Noof kama amekasirika. Noof alisema hapana, anasali. Wakakaa hivyo hivyo mbele ya chakula kinachopoa, hakuna aliyegusa kitu, mpaka aliporudi.

Alirudi na chupa ya mafuta. Hakumtazama Safwan. Alikaa kando ya Breda, akaomba kwa ishara, na Breda akafungua vifungo vya shati lake hadi begani. Safwan akatoka ukumbini. Kovu lilikuwa limeanzia shingoni likateremka hadi karibu na kiwiko, limepinda kama njia ya mto mkavu. Bi Mahbuba alilipitia kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. Aliubusu mkono ule, akaanza kuukanda.

"Noof, mwambie. Mwambie mie sina cha kumpa. Ningekuwa nacho, asingekuwa na haja ya kukiomba. Na muulize, amekuja kutafuta nini? Mtu hatoki mbali kote huko bure."

Breda alifikiri kabla ya kujibu. Noof alitafsiri taratibu, kwa vipande.

"Anasema, sisi wa yadi tukiona mtu akifa hatuongei. Na tukiona mtu akipona pia hatuongei. Tunarudi kazini. Anasema Safwan aliondoka wiki chache baadaye, yeye akiwa bado hospitali. Tangu hapo kila akifumba macho anamwona kasimama pale pale, kati ya yale mabehewa. Anajua alimtoa. Lakini akifumba macho, bado yumo." Noof akasita. "Anasema alitaka kumwona mahali pengine. Alitaka kumwona anakula kwa mama yake."

Bi Mahbuba akageuza kichwa kuelekea mlangoni. "Safwan!" aliita. "Njoo umalize wali wako."

*

Jumamosi Noof alimleta rafiki yake wa kliniki, Truphena, Mkenya mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Truphena alimshika Breda bega, akalizungusha huku na huku, akamuuliza maswali kwa Kiingereza, kisha akamgeukia mwenye nyumba.

"Mama, sitakudanganya. Hii mkono haitarudi vile ilikuwa. Lakini mtu aliacha mazoezi mapema sana. Nikimfunza, itafika hapa." Akaonyesha usawa wa kidevu. "Ataweza kujichana nywele."

"Na mafuta?"

Truphena akacheka. "Mafuta pia, Mama. Endelea tu. Kwanza afya ya roho."

Ikawa kila asubuhi Breda anafanya mazoezi ukutani mbele ya chumba cha marehemu bibi, vidole vyake vikipanda ukuta kidogo kidogo, na kila jioni anakandwa. Wanawake wale wawili walizungumza kila mmoja lugha yake, na kwa mambo ya jikoni walielewana. Breda alijifunza kusema "bado" na "basi". Bi Mahbuba alijifunza neno la kwao la kusema ahsante, "hvala", akawa analitamka kwa kha nzito ya Kiarabu, "khvala", na Breda akasema hivyo hivyo ni sawa.

Jumatatu Breda alimwomba Safwan ampeleke kazini kwake. Alitaka kuona reli. Safwan akampeleka ofisini, ghorofa ya tano, akamwonyesha meza yake na kompyuta mbili na ramani ya njia ukutani. Breda alitazama ramani kwa adabu, kisha akauliza:

"Na wewe unafanya nini hapa?"

"Napanga ratiba za vifaa."

"Na ile yadi ya Sohar? Wale watu wa chini, nani atawafundisha?"

Safwan alimwambia wanatafuta mtu. Njiani kurudi, badala ya kuelekea Mawaleh kwao, alikwenda hadi Bustan, akaegesha gari karibu na ufuo. Wakateremka, wakatembea pembeni ya maji. Huko ndiko alikomwambia. Kazi ile ya Sohar walimpa yeye. Walimpa mara mbili, na mara mbili akakataa. Aliwaambia wakubwa wake kwamba mama yake mjane hataki aende mbali. Wakamhurumia.

"Kumbe mama yako hajui hata hilo," Breda alisema.

"Hajui."

"Unaogopa."

"Tangu siku ile sijasimama karibu na behewa," Safwan alisema. "Juzi walileta picha za mabehewa mapya, za karatasi tu, na mikono ikanitoka jasho. Wewe umepoteza mkono kwa ajili yangu, na mimi nimekaa kwenye kiti. Hilo ndilo lililonifanya nisikuandikie mwaka mzima."

Breda alisimama. Alikuwa amekasirika, na Safwan alikuwa hajapata kumwona hivyo hata yadini.

"Sikiliza. Sikukutoa pale ili ufanye kazi ya reli. Sikukutoa pale ili uwe na deni. Nilikutoa kwa sababu ulikuwa pale. Ukitaka kuuza halwa, kauze halwa, nitakuja kununua." Akavuta pumzi. "Lakini kama unaipenda kazi, na mimi nilikuona, unaipenda, basi usiseme mama yako. Sema unaogopa. Mimi nilirudi yadini mwezi wa tano baada ya kupasuliwa. Siku ya kwanza nilitapika nyuma ya kibanda cha walinzi. Siku ya pili pia. Mtu asiyeogopa behewa simtaki kwenye zamu yangu. Wewe asubuhi ile hukuogopa, ndiyo maana ukasahau."

Safwan alikaa kwenye jiwe. Alilia, akiwa ameficha uso, na Breda akakaa kando yake bila kumgusa, akitazama mbele, mpaka alipomaliza. Kisha akamuuliza kama wanaweza kununua aiskrimu.

Jioni ile Safwan alimweleza mama yake yote, kazi aliyokataa na jina lake alilolitumia kama kisingizio. Alitegemea angefurahi kwa siri. Bi Mahbuba alisikiliza hadi mwisho.

"Unaitaka?"

"Naitaka, Mama. Na naiogopa."

"Nami naiogopa." Alikuwa akikunja nguo, akaendelea kukunja. "Tangu baba yenu alipofariki, mwanangu, mie nilikuwa nikidhani kwamba nje ya mlango huu huna mtu. Kila ukitoka nikiona upo peke yako duniani. Nikikupigia simu kila siku kwa sababu hiyo, ili uwe na mtu. Na siku ambayo kweli ulihitaji mtu, mie nilikuwa hapa nakwambia tangawizi." Akatikisa kichwa. "Na mtu alikuwepo. Mungu kamweka pale mwanamke nisiyemjua, wa dini nyingine, wa lugha nyingine, kamweka hatua chache tu kutoka kwako. Sasa mie ntakufungia ndani ya nyumba kwa hofu gani? Nenda. Ila nisidanganywe tena. Ukiumwa, niambie unaumwa. Ukiogopa, niambie."

"Inshallah, Mama."

"Usinambie inshallah ya watu wa Maskati. Niambie ndiyo."

"Ndiyo, Mama."

*

Jumatano, siku mbili kabla ya mgeni kuondoka, Bi Mahbuba alitoa sadaka. Kaka yake, Awadh, alikuwa na karakana ya magari mtaa wa Ghala, na huko ndiko alikochagua, kwa sababu alitaka chakula kiliwe na watu wanaofanya kazi kwa mikono kando ya vyuma vizito. Mbuzi wawili walichinjwa, sufuria tatu za pilau zikapikwa nyumbani na kupelekwa kwa pikapu. Mikeka ikatandikwa chini ya bati, kati ya injini zilizofunguliwa. Mafundi wa karakana za jirani waliitwa wote, na waliosikia harufu walijiita wenyewe.

Safwan alikwisha zungumza na wakubwa wake asubuhi ile. Aliwaambia ukweli wote, na akaomba aanze kwa kwenda pamoja na mtu mzoefu, pole pole, mpaka mwili wake uzoee tena. Walikubali. Angehamia Sohar baada ya Ramadhani. Alimwambia mjomba wake habari hiyo wakiwa wanateremsha sufuria, na mzee Awadh, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alimpiga begani kwa kiganja chenye grisi akamharibia kanzu.

Breda alipewa mwiko. Mwanzoni watu walimwonea haya, Mzungu mwenye nywele nyeupe anayewapakulia, lakini alipakua kama mtu aliyezoea kulisha zamu nzima, haraka na kwa kujaza, na akimwona mtu mwembamba humwongezea nyama bila kuulizwa. Bi Mahbuba alisimama kando yake akigawa kachumbari na kumwambia kila mmoja, "Karibu, baba. Kula, baba."

Fundi mmoja Mkenya, Cornelius, aliyekuwa akifanya kazi ya kuchomelea karakana ya pili, alikuja na sahani yake, bado kavaa miwani yake ya kazi juu ya paji la uso. Aliposikia Kiswahili alichangamka.

"Mama, shikamoo. Leo ni sherehe gani hii?"

"Marahaba. Ya mwanangu, yule pale." Bi Mahbuba alimwonyesha Safwan, aliyekuwa amekaa mkekani kati ya Wapakistani watatu, akila kwa pupa.

"Anaoa?"

"La, baba," alisema Bi Mahbuba. "Yu hai."

Cornelius alimtazama kijana yule, akamtazama mama, akamtazama yule Mzungu mwenye mwiko. "Hiyo kweli ni ya kuchinjiwa," alisema, akasogeza sahani mbele, na Breda akaijaza.